Nusu ya Kamera

Juzi nilipeleka kiatu kwa fundi pale stendi. Nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake nikisubiri, alipekua gunia la mabaki akatoa kipande cha ngozi ya kahawia, ngumu, iliyokaa sana. Alipoikunja ili aone kama inafaa, harufu yake ikanifikia. Haikuwa harufu ya kiatu. Ilikuwa harufu ya mfuko wa kamera ya Baba: ngozi iliyopigwa jua, mafuta ya mashine, na chini yake kitu kikali kidogo kama siki, ambacho utotoni nilidhani ni jasho la Wazungu na baadaye nikajua ni filamu. Fundi akaniuliza, "Mama, mbona umebadilika uso?" Nikamwambia ashone, asinitazame. Ningemwambia nini? Kwamba bibi mwenye wajukuu amepandwa na wivu wa mtoto wa miaka kumi, mchana kweupe, stendi?

Wa rika langu mtanielewa. Wakati ule wa Mwingereza, picha ilikuwa kitu cha watu wa bomani. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Mkiwa ukikata porini, ungeweza kuzaliwa, kuolewa, kuzeeka na kuzikwa bila uso wako kubaki mahali popote. Hatukuona ajabu. Huwezi kukosa usichokijua. Taabu ilianza Baba alipokuja na kamera.

Baba alifanya kazi stesheni ya Itigi, kazi ya kuunganisha mabehewa. Nyumbani alikuwa na wake wawili na tembe mbili zilizotazamana, uwanja katikati. Mama yangu ndiye mkubwa, sisi tukaitwa nyumba kubwa. Ng'ambo ya uwanja, nyumba ndogo, alikaa mama mdogo na binti yake Zena, tuliyezaliwa naye mwaka mmoja, mimi masika na yeye kiangazi. Walikuwapo wadogo zetu pia, lakini hawa walikuwa wa kubebwa mgongoni, hawahusiki.

Kama kuna mtu aliyeogopa kuambiwa kwamba anapendelea, ni baba yangu. Kanga alinunua jozi mbili za mchoro mmoja. Chumvi aliipima kwa mkono, kiganja huku, kiganja kule, na mama mdogo alikuwa akimcheka wazi: "Baba Zena, punje moja imedondokea kwa mwenzangu, njoo uiokote." Mwaka mmoja aliletewa zawadi ya sufuria moja yenye mfuniko. Akaumiza kichwa siku mbili. Mwishowe sufuria ikaenda nyumba ndogo na mfuniko ukabaki kwetu, na Baba akalala usingizi wake. Mama akautumia mfuniko kupepetea dagaa. Siku akitaka sufuria alivuka tu uwanja akaichukua, na mama mdogo akitaka mfuniko alifanya hivyohivyo, lakini Baba hakutaka kulijua hilo.

Nawaambia haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyetufundisha kamera.

Ilikuwa ya bwana mmoja wa reli aliyerudi kwao Ulaya akamwachia. Mwaka huohuo behewa lilimbana Baba mkono wa kuume. Hospitali wakamfunga bandeji, wakampa ruhusa ya kukaa nyumbani mpaka apone. Akaja na lori mpaka Mkiwa, na kutoka Mkiwa kwa miguu, kamera ikining'inia shingoni, mkono umefungwa kifuani. Tulimpokea mzigo wote isipokuwa ule mfuko wa ngozi. Huo hakutoa.

Ilikuwa kamera ya kukunja. Ukibonyeza kitufe, mlango wa mbele unaanguka, na lenzi inatoka nje taratibu ikivuta mikunjo ya ngozi nyeusi nyuma yake kama mivukuto ya mhunzi. Kuzunguka lenzi palikuwa na vitu viwili vya kugeuza. Chini palikuwa na kijiti chembamba cha kusogeza juu ya mstari wa namba. Juu palikuwa na pete yenye namba nyingine. Vyote viwili vilikuwa vidogo, vya kushikwa kwa ncha ya kucha, na Baba kwa vidole vyake vile vilivyovimba hakuweza kuvigeuza. Mkono wa kushoto ulimtosha kushika na kufyatua, basi. Alihitaji vidole vya mtoto.

Mimi nilikwisha kujua ni vidole vya nani. Nilikuwa mkubwa kwa masika mazima. Namba nilizijua mpaka mia na kurudi nyuma. Niliketi karibu na goti lake nikanyoosha mikono ambayo nilikuwa nimetoka kuinawa kwa makusudi.

Baba akanitazama, akatazama ng'ambo ya uwanja ambako Zena alikuwa anafukuza kuku, nikaona uso wake ukikunjamana vilevile kama siku ya sufuria. "Kuna kijiti na kuna pete," akasema. "Kijiti kitakuwa cha nyumba kubwa. Pete itakuwa ya nyumba ndogo."

Ndivyo nilivyopata nusu ya kamera.

Somo langu alinipa mlangoni kwetu. Kamera haikuwa na filamu, akaifungua mgongo akaniambia niweke jicho. Nikaona giza, na katikati ya giza tundu la mwanga. Akaniambia nisogeze kijiti. Vibati vyeusi, vyembamba, vikalaliana, tundu likafinyika kama jicho la paka aliyetoka juani, mpaka likabaki la kupitisha mtama. Nikarudisha, likafunguka. Sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa vizuri hivyo. "Hili ndilo tundu," Baba akasema. "Soma namba." Nikasoma: nane, kumi na moja, kumi na sita, ishirini na mbili. Kwenye nane tundu lilikuwa kubwa. Kwenye ishirini na mbili lilikuwa dogo.

"Baba, mbona namba kubwa ndiyo yenye tundu dogo?"

"Waliotengeneza ndivyo walivyotaka. Wewe shika hivyo. Namba kubwa, tundu dogo. Jua kali, unalipunguza. Kivulini, unalifungua. Umeshika?"

"Nimeshika, Baba."

Kisha akainuka, akavuka uwanja na kamera, akaketi mlangoni kwa mama mdogo, akamwita Zena.

Sikusikia maneno. Nilisikia sauti ya kamera. Kijiti changu kilikuwa bubu, unakisogeza na hakisemi kitu. Lakini kule ng'ambo kamera ilikuwa inasema. Mara *ta!* kavu, ya haraka. Mara *tsii-ta*, inavuta kidogo kabla ya kugonga. Halafu kicheko cha Zena, yule mwenye mwanya ambaye akicheka hata mbuzi wanageuka. *Tsii-ta. Ta!* Nikaelewa pale pale, kwa akili zangu zote za miaka kumi, kwamba nimepunjwa. Kitu chenye sauti ndicho kinachofanya kazi. Jembe lina sauti, shoka lina sauti, mchi una sauti. Kisicho na sauti ni pambo. Zena kapewa kamera na mimi nimepewa mlango wake.

Alipomaliza nilimfuata penye zizi la ndama. "Umefundishwa nini?"

"Mwendo," akasema. "Kilango cha ndani kikifunguka haraka au polepole. Wewe je?"

"Mimi siwezi kukwambia. Ni cha nyumba kubwa."

Akanitazama kidogo. "Basi na mimi sikwambii zaidi," akasema, wala hakukasirika, akaendelea kumkuna ndama masikio. Hilo ndilo lililoniudhi kwa Zena. Ukimtupia jiwe, hata halioni.

Tukaanza kazi. Baba alisimama mbele, kamera kifuani, Zena kuume kwake, mimi kushoto. Alitazama jua, akatazama vivuli chini, akaamuru kama yuko stesheni. "Tundu, kumi na moja!" Nikasogeza. "Mwendo, hamsini!" Zena akageuza. "Tayari!" Tukajibu pamoja, "Tayari!" Akafyatua. Tukapiga picha ya ng'ombe wakirudi. Tukapiga lile jiwe kubwa la nyuma ya kijiji, ambalo mchana unaweza kuanikia nyama juu yake. Tukapiga majirani waliokuja wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa. Filamu ikachukuliwa na rafiki wa Baba hadi Dodoma kwa mpiga picha mmoja ikasafishwa, na picha ziliporudi zilikuwa nzuri. Watu wakajaa uwanjani. Kila mtu alitaka kujua tulivyofanya, Baba akaeleza, na kila mtu, nawaapia, kila mtu aliishia kumtazama Zena. "Kumbe huyu ndiye mwenye mwendo!" "Hebu, mwanangu, ifanye ilie tusikie." Naye akaifanya ilie. Kijiti changu hakuna aliyeomba kukiona. Mzee mmoja aliniuliza kama kazi yangu ni kubeba mfuko.

Usiku ule sikula. Mama akaniuliza kama naumwa tumbo, nikasema ndiyo, akanikorogea mchanganyiko wake mchungu wa majani, nikanywa wote. Afadhali tumbo kuliko kusema ukweli.

Nikamwendea Baba. "Baba, naomba tubadilishane. Mimi nishike pete."

"Pete ni ya nyumba ndogo."

"Basi nifundishe na mimi tu, nisiishike."

"Nikikufundisha wewe mwendo, lazima nimfundishe Zena tundu. Nikimfundisha Zena tundu, mtakuja kuniambia nani alifundishwa kwanza." Akatikisa kichwa. "Niacheni, jamani. Mkono unaniuma."

Mama hakuwa msaada. Mimi nilikuwa nimekwisha tangaza vita kati ya nyumba mbili, nikamhesabu yeye kama jemadari wangu, na jemadari wangu kila jioni alikuwa ameketi jikoni kwa adui wakichambua mlenda na kusengenya watu wa ng'ambo ya mto. Nilidhani ni ujanja, anapeleleza. Hivyo ndivyo nilivyomwelewa mama yangu.

Siku za ruhusa zikaisha. Bandeji ikafunguliwa, vidole vikatoka vimepinda, na Baba akavitazama muda mrefu juani. Akatuita wote uwanjani, mama zetu wote wawili na sisi. "Mimi nakwenda kazini," akasema. "Vidole hivi havitashika tena kitu kidogo. Kamera itabaki hapa. Lakini haiwezi kubaki na watu wawili, kamera siyo sufuria. Filamu hii ina picha nane. Kila mmoja atapiga nne, peke yake, kijiti na pete zote mwenyewe, na atapiga nyumba yake. Nitazisafisha Dodoma. Mwenye picha iliyotoka vizuri, kamera ni yake."

"Na asiyejua pete?" nikauliza.

"Akili ni yake," Baba akasema. "Au kinywa anacho."

Maana yake nilielewa. Anataka niende kumwuliza Zena. Mimi! Ningemeza kwanza jiwe la kusagia. Zena alinitazama ng'ambo ya uwanja, amefungua mdomo kama anayetaka kusema neno, nikageuza shingo.

Nikafikiri mwenyewe. Kwangu, namba kubwa ni kitu kidogo. Kamera ni moja, aliyeitengeneza ni mmoja, hawezi kuwa na sheria mbili. Kwa hiyo kwenye pete pia, namba kubwa ni mwendo mdogo. Mia ndiyo polepole kabisa, ishirini na tano ndiyo haraka. Niliona nimemnyang'anya Zena siri yake bila hata kumgusa. Nililala na raha hiyo kama nimelala na chungu cha asali.

Nyumba kubwa ikaanza. Baba alikuwa kaketi mbali, hataki kuonekana anaelekeza. Nilimtaka Mama akae ndani ya mlango wa tembe, pale kwenye kivuli, ili nyuma yake vionekane vibuyu vya maziwa, kinu na kitanda cha ngozi, watu wajue hii ndiyo nyumba kubwa. Nilimvisha kanga mpya. Nikamfunga kilemba, nikakifungua, nikakifunga tena. "Mama, usicheke." "Sicheki." "Mama, kidevu." "Kimefanyaje?" "Kiinue. Sio hivyo. Usipepese macho." Kivulini, tundu unalifungua, nikaweka nane. Kivulini mwendo uwe wa polepole, nikaweka mia. Nikafyatua. Ikalia *ta!*, haraka, kavu, na kuna kitu ndani yangu kikaniambia kwamba hiyo sio sauti ya polepole. Nikakinyamazisha. Nilikwisha fikiri, sikutaka kufikiri tena. Zote nne nikazipiga hivyohivyo, na kila moja nilimpanga Mama upya, mpaka jua likapanda na jasho likamtoka kwenye kilemba.

"Tumemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza. Umekaa vizuri."

"Ahsante," akasema Mama, akainuka akijishika kiuno.

Zamu ya Zena ilikuwa baada ya chakula. Nilitazama kutoka kwetu, nimejificha nyuma ya kihenge. Alimkalisha mama mdogo juani katikati ya uwanja, wakawa wanacheka tu wote wawili, mama mdogo anamwambia fanya upesi naungua. Akapiga mara tatu. Kutoka pale sikuona namba, lakini nilimwona anavyosita kwenye kijiti, anasogeza, anarudisha, anatazama juu. Hajui! Roho ikatulia kama imepakwa samli. Nikatamani asimame hivyohivyo mpaka jua lizame.

Ndipo Mama akaniita. Maji yalikuwa yameisha mtungini. Nikamwambia nitakwenda baadaye, akasema sasa hivi. Kisima chetu cha kiangazi kilikuwa cha kuchimba mchangani, kwenye korongo, unateka kwa kata kidogo kidogo. Nikakimbia kwenda, nikateka kwa haraka, nikarudi nusu ya maji yamenimwagikia mgongoni. Nilipofika uwanjani kamera ilikuwa imekwisha kukunjwa. Zena alikuwa ameketi chini karibu na miguu ya mama yangu, wanafuta machozi ya kucheka.

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Nimemaliza," Zena akasema. Akamtazama Mama, wakaangua tena.

Sikuuliza wanacheka nini. Nilidhani wananicheka kwa kulowa.

Baba akaondoka na filamu. Siku zile za kungoja nilijiona nimekwisha kuwa mwenye kamera. Nilimwambia mdogo wangu, ambaye hakujua hata kuzungumza, kwamba nitampiga picha akiota meno. Kila lori lililosikika mbali upande wa Mkiwa lilinisimamisha.

Alirudi akiwa na bahasha ya karatasi nyeusi. Tuliketi uwanjani vilevile kama siku ile. Akatoa picha zangu kwanza, kwa kuwa ni za nyumba kubwa, akazipanga juu ya ngozi ya mbuzi moja moja. Zote zilikuwa giza. Kwenye moja, ukiiinamisha juani, ungeona kitu cheupe kidogo ambacho Baba alisema ni kibuyu. Mama yangu hakuwamo. Kanga mpya, kilemba, kidevu, vyote vimemezwa na mlango.

Akatoa za Zena. Tatu za kwanza zilikuwa zimeungua, nyeupe kama uji wa mgonjwa, mama mdogo amebaki nyusi na meno. Naona haya kusema nilivyofurahi. Kumbe naye alifanya hesabu kama yangu kutoka upande wake: kwake yeye namba kubwa ilikuwa mwendo mkubwa, kwa hiyo akadhani namba kubwa ni tundu kubwa, akaweka nane juani. Tukawa tumekosa sawasawa. Nikaanza kupumua.

Kisha Baba akaweka ya nane.

Ilikuwa safi. Ilikuwa safi mpaka nyuzi za mkeka unaweza kuzihesabu. Na aliyekuwa ndani yake alikuwa mama yangu. Amekaa juani kwenye uwanja, kilemba kimelegea, amefumba jicho moja. Amekunja kidole gumba na cha shahada vikafanya kitundu kidogo, amekiweka mbele ya jicho lililo wazi, na anacheka. Sikuwahi kumwona mama yangu anacheka hivyo. Mimi alinichekea kwa midomo. Hapa alicheka kwa shingo, kwa mabega, na aliyekuwa amesimama mbele yake, aliyepewa kicheko hicho, ni Zena.

Watu wakasema, tazama mama fulani anavyocheza kama mtoto! Mimi sikuona mchezo. Niliviona vile vidole, nikaona kile kitundu kilivyofinywa, nikasoma pale somo langu lote. Namba kubwa, tundu dogo. Mama yangu alikuwa amempa Zena nusu yangu.

Baba akakuna kichwa muda mrefu. Picha kapiga nyumba ndogo, lakini imetoka nyumba kubwa. Mwishowe uso ukamkunjuka. "Nyumba ndogo itachukua kamera," akasema. "Nyumba kubwa itachukua picha." Akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Nilimvizia Mama jioni akikamua. "Kwa nini ulimwambia?"

Hakugeuka. "Aliniuliza."

"Na wewe ulijuaje? Baba hakukufundisha."

"Si ndiyo uliyokuwa unaiimba kutwa jiweni, ukisaga? Hata ng'ombe huyu anaijua."

"Ilikuwa yetu, Mama!"

"Yetu na nani?" akauliza, akaendelea kukamua. Baadaye akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulionikata: "Wewe ulinikalisha mlangoni asubuhi nzima. Hukuniuliza hata kama nina kiu. Huyu mtoto alikuja, akanipa shikamoo, akasema, mama mkubwa, nimebakiwa na moja, naogopa kuiharibu, tundu linakwendaje?"

Sikumsemesha Zena mpaka mvua za kwanza.

Kamera ile Zena aliitumia miaka miwili, mitatu, Baba akileta filamu alipopata. Halafu panya wakatoboa ile mikunjo ya ngozi, mwanga ukawa unaingia kila upande, ikawa kitu cha watoto kuchezea. Haikuniuma hata kidogo. Kamera nilikwisha kuisahau. Nilichokionea wivu, nikakionea wivu nikiwa mwali, nikakionea wivu nikiwa na watoto wangu mwenyewe, ni kile kicheko. Picha ilikuwa yangu, imekaa kwangu ukutani, wageni wakiitazama wanasema, mama yako alikuwa mcheshi! Nami nasema ndiyo. Wakiuliza nani aliipiga, nasema ndugu yangu, na hapo roho inaniuma upya kama jana.

Mama aliishi sana. Siku ya arobaini yake, watu walipokwisha kula na kutawanyika, tulibaki wawili, Zena na mimi, wazee, tumekaa chini ya ile picha. Hakukuwa na nyingine iliyosalia. Katika maisha yote ya mama yangu uso wake ulibaki mahali pale tu.

Zena akaitazama, akacheka peke yake. Mwanya umebaki, meno mengine yamekwenda. "Unamwona anavyofanya?"

"Namwona," nikasema. "Anakufundisha tundu. Nimejua tangu siku ya kwanza."

"Kunifundisha?" Zena akageuka akanitazama. "Kunifundisha alishamaliza, nilishaweka namba, nilikuwa nangoja atulie. Pale alikuwa anakuigiza wewe."

Sikuelewa. Nikamwambia aseme vizuri.

"Hukuwa unajijua? Ukisaga ulikuwa unaacha kusaga. Unafumba jicho moja, unaweka vidole hivi, unatazama kuku, unatazama jua, mdomo unakwenda, namba kubwa tundu dogo, namba kubwa tundu dogo, na unga unamwagika. Alisema, Zena, ngoja nikuonyeshe mwanangu anavyokuwa. Akakaa hivyo, akaanza na mdomo, akashindwa kwa kucheka. Mimi nikafyatua. Alikuwa anakusema wewe kutwa nzima, dada. Alisema hajaona mtoto wa kukishika kitu kama wewe."

Nikainuka nikaishusha picha, nikaisogeza mlangoni penye mwanga. Jicho lililofumba lilikuwa langu. Vidole vilikuwa vyangu. Miaka yote ile nilikuwa namwonea Zena gere kwa kicheko ambacho, kumbe, kilikuwa changu mimi.

Mtu angetegemea nipoe hapo. Sikupoa. Nilisimama mlangoni na picha mkononi, wivu ukanichoma kuliko siku ile ya bahasha. Mama yangu alikaa juani akanipenda waziwazi, kwa shingo na kwa mabega, na wa kuona hayo akawa Zena. Mimi nilikuwa kisimani.